Tulivyopwelewa Takwa

Neno kupwelewa nalijua tangu utotoni, kama mtu anavyoyajua maneno ya bibi yake: nililisikia, sikulitumia. Chombo kikiachwa na maji juu ya fungu au tope, kikalala ubavu kikingoja bahari irudi, watu wa pwani husema kimepwelewa. Nimelielewa neno hilo nikiwa mtu mzima wa miaka arobaini na sita, ndani ya mashua ya watu, katikati ya mikoko ya Manda, mama yangu mdogo ameniegemea begani akitokwa jasho la baridi. Kosa lilikuwa langu, na nimeliandika hapa bila kulipunguza, kwa sababu kila likizo ziko familia zinazoshuka gati la Lamu zikiwa na haraka ileile niliyokuwa nayo mimi.

Tulikuwa watu saba: mimi na mke wangu, watoto wetu wawili, shemeji yangu na mkewe, na mama mdogo, ambaye ana kisukari na hujidunga insulini kila asubuhi. Tumetoka Mombasa. Nalitaja hilo kwa sababu ndilo lililonipa kiburi. Mtoto wa Mombasa huvuka Likoni na feri, hula samaki kila wiki, huogelea tangu angali na meno ya utoto, basi hudhani bahari anaijua. Mimi nilikuwa nimeiona bahari maisha yangu yote, lakini sikuwahi hata siku moja kulazimika kuijua saa yake.

Alhamisi jioni nilishuka gatini kutafuta chombo cha kutupeleka Takwa, mji mahame ulioko kisiwani Manda, ng'ambo ya Shela. Nikaelekezwa kwa nahodha mmoja mtu mzima, mwembamba, aliyevaa kikoi na kofia ya mkono, amekaa anaunga kamba. Tuliongea bei kwa robo saa nzima. Alitaka elfu sita, nikamshusha hadi elfu nne na nusu, nikajiona mjanja. Habari ya maji aliizungumza yeye peke yake, tena kwa maneno machache, kwa Kiamu chake:

"Kesho mwezi ishirini. Mai yajaa saa tatu kasorobo. Saa kumi na mbili na nusu niwakute hapa. Twende na mai, turudi na mai."

Nikamjibu inshallah. Inshallah yangu ilikuwa ya mdomoni.

Mtu asiyekulia chomboni huenda asione uzito wa maneno yale, nami sikuuona. Nahodha alikuwa amenipa hesabu nzima ya siku ya pili. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda unaozidi kidogo saa ishirini na nne, ndiyo maana saa ya maji husogea mbele kila siku kwa karibu dakika 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ndipo inapokuja bamvua: maji hujaa mpaka yakalamba ukuta wa gati na hupwa mpaka mchanga wa mbali ukaonekana. Mwezi nane na mwezi ishirini na mbili ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Mwezi ishirini uko njiani kutoka bamvua kwenda maji mafu, na kila maji yanayojaa huwa mafupi kuliko yaliyotangulia. Chombo kikipanda tope wakati maji yamejaa kabisa katika siku kama hizo, huenda kisielee mpaka bamvua nyingine. Na jambo la mwisho, ambalo nililifahamu gizani: mwezi ishirini hautoki mpaka usiku umekwenda. Yote hayo yalikuwa ndani ya maneno mawili, "mwezi ishirini".

Lamu nzima inaendeshwa na hesabu hiyo. Mashua za kisiwa cha Pate hazina saa moja ya kuondoka kila siku, kwa sababu Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya Manda na bara, hupitika vizuri maji yakiwa juu. Abiria wa Faza au Kizingitini, huko Pate, haulizi mwongozo wa safari. Huuliza maji.

Asubuhi watoto walichelewa kuamka. Mahamri yakachelewa. Mke wa shemeji akarudi chumbani kuchukua miwani. Tulifika gatini saa mbili na robo, karibu saa mbili nzima baada ya miadi. Nahodha alikuwa amesimama chomboni na mjukuu wake, kijana wa miaka kama kumi na saba. Hakutazama saa mkononi. Alitazama ukuta wa gati, pale alama ya maji ilipofika, kisha akaniambia kwa upole:

"Bwana, yafaa tuiwate. Twende kesho."

Nikamwambia kesho tuna ndege. Akamtazama mama mdogo, akatazama watoto waliokwisha kuruka chomboni, akafungua kamba. Hilo lilikuwa onyo la kwanza, nami nikalipita kama mtu anavyompita muuza karanga.

Tuliingia mkondo wa Takwa kama saa tatu, maji yakiwa yamesimama. Sijaona utulivu kama ule. Injini ilizimwa na kuinuliwa, kijana akashika upondo, na chombo kikateleza juu ya maji ya rangi ya chai ya maziwa huku mikoko imetuzunguka pande zote mbili. Maji yalikuwa yamefunika mizizi yote, majani yakigusa uso wa maji, hivi kwamba ungesema miti ile imeota juu ya bahari tupu. Hapo ndipo nahodha alipochangamka. Alianza kuitaja miti kama mtu anayewataja watu wa mtaa wake. Huu wa mbele, wenye kupenda maji makuu, ni mlilana. Mbao yake hutengenezewa mataruma ya vyombo, na vile vizizi vyake vinavyochomoza topeni wavuvi huvikata wakafanya maboya ya nyavu. Huu wenye miguu mingi ni mkoko wenyewe. Ule ni muia, ule mkandaa, na nyuma kabisa, karibu na nchi kavu, mchu. Akavunja jani la mchu akampa binti yangu alilambe. Lilikuwa na chumvi, kwa sababu mti huo hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kwa majani.

Alituonyesha mche wa mkoko ukining'inia mtini kama msumari mrefu wa kijani. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mama yake. Ikianguka maji yakiwa yamepwa hujichoma topeni ikasimama papo hapo; ikianguka yakiwa yamejaa huelea, ikaenda kutafuta kwao pengine. Na alitusimulia habari ya biashara ya babu zake. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na kwa karne nyingi miti hiyo ndiyo iliyopakiwa majahazini kupelekwa Omani, Bahrain, Kuwait na Basra, nchi zisizokuwa na miti ya kujengea. Ilihesabiwa kwa korija, ishirini ishirini, kila unene na jina lake: fito, pau, boriti, nguzo. Ukiingia nyumba za kale za mawe za Lamu utaona vyumba ni virefu lakini vyembamba. Upana wa chumba uliamriwa na urefu wa boriti. Serikali ilipiga marufuku kusafirisha miti hiyo nje mwaka 1982, na majahazi ya kaskazini yakapoteza shehena yake kubwa.

Nayaeleza haya kwa urefu kwa sababu nataka msomaji aone mtu niliyekuwa naye. Alikuwa amebeba kichwani elimu ya watu waliokufa zamani, na bei yake ilikuwa shilingi elfu nne na mia tano pamoja na mafuta ya injini.

Tulipofika kichwa cha mkondo alisema, "Saa nne niwaone hapa." Yaani dakika arobaini hivi.

Takwa inastahili siku nzima, na hapo ndipo palipotuponza. Ni mji uliohamwa katika karne ya 17, na mibuyu imeota ndani ya nyumba za watu. Msikiti wake wa Ijumaa una nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla, kitu ambacho sikupata kukiona kwingine, na nje ya ukuta wa mji liko kaburi la nguzo. Watu wa Shela, ambao husema asili yao ni huku, huja bado kuzuru na kuomba mvua. Ukipita magofu ukaendelea kwa miguu kidogo unatokea upande wa pili wa kisiwa, kwenye bahari kuu, mchanga mweupe hauna mtu. Watoto walipouona walivua viatu. Shemeji akatoa kamera. Mimi nikakaa kivulini.

Saa nne na robo yule kijana alikuja mbio kutuita. Nikamwambia tunakuja sasa hivi. Saa nne na nusu nikarudi mwenyewe mpaka mkondoni kuangalia, nikayaona maji yapo, yameshuka labda kiganja kimoja au viwili kwenye mizizi. Nikasema moyoni kwamba wazee hupenda kutia watu hofu.

Kila anayepanda chombo cha mikokoni lazima alijue jambo hili. Maji hayapwi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hushuka kidogo sana, mtu hudhani bado yamesimama. Saa ya pili huongeza. Saa ya tatu na ya nne ndipo yanapokimbia: katika saa sita za kupwa, nusu nzima ya maji huondoka katika saa hizo mbili za katikati. Kwa hiyo mtu anayetazama maji mwanzoni akajipimia, "katika saa moja yameshuka kiasi hiki tu, basi nina muda," amejidanganya kwa ushahidi wa macho yake mwenyewe. Mimi niliyatazama, nikayapima, nikarudi pwani kuwaambia wenzangu tuna nafasi ya kutosha.

Tulikusanyika saa tano na dakika kumi. Nahodha alikuwa ameketi juu ya jiwe, uso wake umebadilika. Safari hii hakusema tuondoke. Alisema tusiondoke.

"Sasa kaeni hapa mpaka usiku. Hapa pana kivuli, pana walinzi wa makumbusho, pana maji ya kunywa. Tukitoka sasa, ndia itatufungia mbele."

Mama mdogo alipaswa kula kabla ya saa saba. Chakula kilikuwa Shela, tumekwisha kukiagiza. Nikaona mzee anataka kutulaza njaa bure. Nikatoa noti mbili za elfu moja, nikamwambia haya, chukua, tujaribu. Hakunyosha mkono. Alinitazama kwa muda.

"Mimi nawe tutasikizana, bwana. Mai hayana masikizano."

Lakini akainuka akashika upondo, kwa sababu mwenye kukodi alikuwa mimi.

Tulikwenda robo saa. Kwenye kona ya tatu chombo kiligusa, kikakwama, kikanasuka, kikagusa tena. Tukashuka wanaume kusukuma. Tope la mikoko si tope la shambani. Mguu huingia mpaka ukaulizia sakafu ilipo, na ukiuvuta unasikia tope linaunyonya. Harufu yake ni ya yai viza. Tulisukuma hatua kumi, kisha tano, kisha hapana tena. Maji yalikuwa yakitupita miguuni yakielekea baharini kwa sauti ya mto, mbele ya macho yetu, na kila dakika mizizi mingine ilikuwa ikitokeza. Saa sita kamili mkondo ulikuwa mfereji wa kuvuka kwa hatua moja. Nahodha na mjukuu wake walichukua upondo na makasia wakayatia magadi ubavuni ili chombo kisilale, wakatutandikia tanga juu liwe kivuli. Hawakulaumu. Walifanya kazi.

Mtu ataniuliza kwa nini hatukupiga simu. Tungempigia nani? Boti yoyote ya kuja kutuokoa ingehitaji maji yaleyale tuliyoyakosa.

Shemeji yangu ni mtu wa nguvu, na watu wa nguvu hawapendi kungoja. Alisema atatembea mpaka kwenye mdomo wa mkondo akaombe msaada. Nahodha akamkataza. Akamkataza tena. Shemeji akaruka. Hatua ya nne alizama mpaka mapajani. Akataka kujisaidia kwa kukanyaga mzizi kwa mguu wa pili, na mzizi ule ulikuwa umejaa chaza. Ganda la chaza hukata kama wembe. Alipiga kelele ambayo watoto wangu wanaikumbuka mpaka leo. Simu yake ilianguka ikapotea topeni. Yule mzee alivua kikoi akabaki na kaptura, akalala kifudifudi juu ya ubao wa sakafu ya chombo, akamfikia, akamwambia asivute miguu bali alale chali kana kwamba anaelea, kisha akauchimba ule mguu kwa mikono yake, polepole, kama mtu anayechimbua muhogo asiyetaka ukatike. Ilichukua nusu saa. Wayo ulikuwa umefunguka kuanzia kisigino.

Kijana ndiye aliyekwenda kuomba maji ya kunywa. Alirudi Takwa kwa miguu, lakini hakukanyaga tope hata mara moja. Alipita juu ya mizizi, akichagua mahali pa kuweka wayo, akishika matawi, mwepesi kama kima. Alirudi baada ya saa moja na zaidi na dumu la lita tano mgongoni. Ndiyo tofauti ya mtu aliyefundishwa na mahali na mtu aliyefika jana.

Sasa nifike kwa mama mdogo. Saa nane alinyamaza. Nilidhani ni joto. Kisha nikaona mikono inatetemeka, na aliponijibu aliniita kwa jina la marehemu kaka yake. Wanaoishi na mgonjwa wa kisukari wanajua: amejidunga insulini alfajiri, mlo wa mchana haukuja, sukari ya mwilini imeshuka. Mfuko wake wenye peremende na vipimo tuliuacha chumbani, kwa sababu tulisema tunakwenda kwa saa tatu tu. Tulikuwa tumebeba kamera, taulo, mafuta ya jua na chupa mbili za maji. Hatukubeba hata biskuti.

Nahodha alifungua kikapu chake. Alikuwa na chupa ya chai ya rangi, tamu sana kama wanavyoipenda watu wa Lamu, mkate wa mofa mmoja, na tende zilizofungwa katika karatasi. Hicho kilikuwa chakula chake cha siku na cha mjukuu wake, aliyekwenda kutuletea maji. Alimnywesha kwa kifuniko cha chupa, kidogokidogo, akimwambia "kunywa mamangu, kunywa". Baada ya kifuniko cha tatu mama mdogo alianza kuuliza tuko wapi. Baada ya tende mbili alituambia sisi wote tuwe na haya. Nililia pale, mbele ya watoto wangu, na sioni aibu kusema.

Jioni usubi na mbu walitoka kwa pamoja. Kaa wadogo walikuwa wameenea topeni kote, kila mmoja mlangoni kwake, kisha kama saa kumi na moja hivi nikaona wanaanza kuingia mashimoni. Nahodha akasema, "Yaja." Sikuona kitu. Kitambo kidogo nikasikia tope linatokota, vipovu vinapasuka, na ulimi wa maji ukaingia kwenye mfereji bila sauti. Saa moja kasorobo chombo kilitikisika, kikainuka kwenye magadi. Jua lilikuwa limekwisha kuzama na mwezi haukuwapo. Tulitoka mle kwa upondo, injini imeinuliwa kwa kuogopa visiki, kijana ameinama kwenye omo na tochi, babu yake nyuma anamwongoza kwa neno mojamoja. Alikuwa akiijua kila kona. Tulifika gatini saa mbili na nusu usiku, saa kumi na mbili na dakika kumi na tano baada ya kuondoka.

Nilimpa bei yetu na juu yake zile elfu mbili na nyingine tatu. Alihesabu elfu nne na mia tano, akanirudishia zilizobaki. Na usiku ule alikuwa atoke kuvua, tukamchelewesha. Kisha akasema jambo ambalo limekaa nami kuliko mengine yote:

"Na mimi nimekosa. Nahodha hasemi mara moja akanyamaza. Ilinipasa nikatae kufungua kamba."

Nilitaka kumkatalia, lakini nimefikiri sana tangu siku ile na naona alikuwa na haki. Zamani, katika jahazi, tajiri mwenye shehena alikaa kimya kama abiria wengine. Neno la chombo lilikuwa la nahodha. Sisi wateja wa utalii tumeligeuza. Tumewazoesha watu hawa kwamba riziki yao iko katika kutupendeza, na anayesema hapana leo, kesho mteja anakwenda kwa jirani yake atakayesema ndiyo. Hivyo tunakodi mtu mwenye elimu ya maji, kisha tunamlipa aifumbie macho. Mimi nilikodi mikono yake na chombo chake, nikaiacha ile elimu yake gatini. Lawama ya mzee ni ndogo sana ikiwekwa karibu na yangu, lakini ningependa manahodha vijana wa Lamu, wa Mida, wa Pangani na wa Chwaka wayasikie maneno yake. Mteja akinuna hulipi kwa maisha ya mtu.

Mama mdogo alipimwa usiku uleule akaonekana salama. Mguu wa shemeji uliingia usaha kwa sababu ya lile tope; ulishonwa, ukafunguliwa, ukashonwa tena, naye hakurudi kazini kwa wiki sita. Ndege ya Jumamosi ilituacha. Kila tulichokuwa tukikiharakia siku ile, kuanzia chakula cha Shela, kilitukosa.

Basi wewe unayepanga kwenda mikokoni, hapo Lamu au popote pwani yetu, nenda, maana ni pahali pazuri kuliko nilivyoweza kupasimulia. Ila ukishuka gatini, kabla hujafungua mdomo kutaja bei, muulize nahodha maji yanajaa saa ngapi na ni lazima muwe mmetoka saa ngapi, kisha uwaambie wenzako saa hiyo mbele yake wakiisikia. Beba maji na chakula cha kutwa hata kama safari ni ya saa mbili, na dawa ya mgonjwa ikae mkononi mwake, isiachwe chumbani. Na akikwambia asubuhi kwamba leo yafaa muiache, teremka chomboni, umlipe kifungua kinywa chake, mwende kesho.